Ouya na Kutoweka kwa Michezo ya Video ya Wabunifu Huru, 2012–2019

Mwaka 2012, waanzilishi wa Ouya, konsoli ya Kimarekani, walikusanya mtandaoni michango ya zaidi ya dola milioni 8 kwa ahadi kwamba kila mnunuzi angeweza kuitumia kuunda michezo yake. Ahadi hiyo ilizaa vioja: katika Amazing Frog? mchezaji humrusharusha chura mitaani bila lengo la maana. TowerFall, uliosifiwa kuliko yote, ulihamishiwa PlayStation 4 na kompyuta mwaka 2014, ukanusurika. Mingi midogo haikuhamishwa. Seva zilipozimwa Juni 25, 2019, michezo iliyohitaji kuthibitisha ununuzi kupitia seva hizo iligoma kufunguka, hata kwa walioilipia. Baadhi ilinakiliwa mapema na wapenzi wake. Kwa isiyonakiliwa, mwanahistoria hana ila majina na picha.