Dhahabu Isiyokuwa na Kwao

Mimi ni Masika, jina analopewa binti kifungua mimba kwetu Wanande, na tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu ndimi niliyeshika daftari la baba. Tulikaa Butembo, mashariki mwa Kongo, katika nyumba ya matofali yenye chumba cha mbele kilichofungwa mchana na kufunguliwa jioni. Wachimbaji waliposhuka kutoka msitu wa Manguredjipa, walikaa kwenye benchi, wakafungua vifundo vya karatasi na kumwaga unga wa njano kwenye kisahani cha mizani. Upande wa pili baba aliweka njiti za kiberiti kwa vipimo vidogo, na sarafu za zamani kwa vilivyozidi hapo. Mzigo mkubwa ulihesabiwa kwa tola, uzani wa Kihindi wa gramu 11.66 uliopanda na wafanyabiashara kutoka pwani hadi kwetu. Mimi niliandika uzito, bei na jina la aliyeleta. Daftari lilikuwa na safu ya nne, ya mahali dhahabu ilikotoka. Baba aliniambia niiache wazi.

Nimekuwa mtu mzima nikiifikiri safu hiyo. Historia ya mji wetu imekaa humo, katika mahali palipoachwa bila kuandikwa kitu.

Butembo haikuanza kama soko. Ilianza kama kambi ya wafanyakazi, mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa Minière des Grands Lacs ilipokuwa ikichimba dhahabu katika milima na misitu ya Lubero. Kaskazini kwetu, Kilo, dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1903. Wazee wetu walitolewa mashambani wakapelekwa kubeba, kuchimba na kuosha mchanga. Dhahabu ilipita mikononi mwao lakini haikuruhusiwa kubaki humo. Mwafrika aliyekutwa na punje mfukoni alikuwa mwizi mbele ya sheria, na sheria hiyo haikuisha na uhuru wa 1960. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba dhahabu ni kitu cha kuona na kunyamaza. Tabia ya kutosema dhahabu ilikotoka tuliirithi kutoka kwa woga huo.

Wanande walitafuta riziki yao katika vitu vingine. Milima yetu ina baridi na udongo mzuri, kwa hiyo kabichi, vitunguu na viazi vilipakiwa kwenye malori kwenda Kisangani. Upande wa Beni, kwenye joto la bonde, watu walikinga utomvu wa mapapai na kuuza papaini, ule unga unaonunuliwa na viwanda vya Ulaya. Kahawa ilivuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, mara nyingi usiku. Baba alianza na vitunguu. Alikuwa na nusu ya lori, nusu nyingine ilikuwa ya shemeji yake.

Kisha ikaja Novemba 1982. Serikali ya Mobutu ilipitisha sheria iliyowaruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono na kuziuza kwa nyumba za ununuzi zenye kibali. Jambo lililokuwa kosa tangu enzi za Wabelgiji likawa kazi. Vijana waliacha shule wakaenda msituni na karai na koleo. Mwaka uliofuata baba alinunua mizani, nami nikapewa daftari.

Msomaji asidhani tuliipenda dhahabu kwa uzuri wake. Nyumbani kwetu hakuna aliyeivaa. Mama alifunga ndoa kwa pete ya shaba na akazikwa nayo. Dhahabu kwetu ilikuwa fedha, kwa sababu fedha yenyewe ilikuwa imekufa. Zaire moja ilipozaliwa mwaka 1967 ilinunua dola mbili za Marekani. Ilipofika 1993, zaire milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mtu angeweka nini ndani ya nyumba? Noti zilioza thamani zikiwa sandukuni. Na muuzaji wa vitenge wa Nairobi au wa Dubai hakuzitaka.

Kwa hiyo mzunguko ulikuwa huu. Baba alinunua dhahabu kwa zaire. Ilivuka Kasindi ndani ya ndoo ya maharage au mshono wa koti, ikauzwa Kampala au Nairobi kwa dola. Dola zilinunua vitenge, baiskeli, vipuri vya malori na mabati, ambavyo vilirudi kwa barabara ileile. Bidhaa ziliuzwa Butembo na Beni, na fedha zake zikanunua dhahabu nyingine. Wakati mwingine baba alimlipa mchimbaji zaidi ya bei ambayo dhahabu ingepata Kampala. Mimi mtoto niliona ni hasara. Akanionyesha hesabu: alichopoteza kwenye dhahabu alikirudisha mara mbili kwenye vitenge. Mwalimu wetu Vwakyanakazi Mukohya, aliyewachunguza wafanyabiashara wa Butembo na kuandika tasnifu juu yao mwaka 1982, alionyesha ulimwengu kwamba mji huu ulikuwa ukijijengea uchumi wake huku serikali ikiwa imelala. Ni kweli, na tunapaswa kujivunia. Lakini njia hiyo ilidai sharti moja: dhahabu isiulizwe kwao.

Aliyenifundisha uzito wa sharti hilo ni jiwe la buluu.

Mwaka 1986 mteja mmoja aliyekuwa na deni la marobota mawili ya vitenge alimletea baba jiwe lililofungwa katika pamba. Lilikuwa kama punje ya mahindi, la buluu ya jioni, na alisema limetoka ng'ambo ya Ziwa Kivu. Akaliita kwa Kifaransa, saphir. Mimi nililijua kwa jina la Biblia ya Kiswahili, yakuti samawi, jiwe la pili katika misingi ya Yerusalemu mpya. Katekista alikuwa ametueleza pia kwamba zamani maaskofu wa Ulaya walivaa pete za yakuti, kwa kuwa rangi yake ni ya mbingu. Baba hakuwa na elimu ya mawe. Alichukua chupa ya Primus, akaikwaruza kwa jiwe lile, na jiwe likaacha mfereji kwenye kioo. Akaridhika, akafuta deni.

Mwezi wa nane, miezi michache baada ya Museveni kuingia Kampala, tulisafiri kwa basi hadi Nairobi, baba na mimi na daftari. Tuliingia duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akinunua mawe. Alilitia jiwe letu ndani ya glasi ya maji, akaliangalia kwa kioo cha kukuzia, kisha akaniita mimi, si baba, akaniambia nitazame. Ndani yake niliona mistari iliyopinda, kama mifereji ya sahani ya santuri.

"Hili ni yakuti kweli, mwanangu," alisema. "Lakini halikuzaliwa ardhini. Limezaliwa kwenye tanuri."

Akatueleza kwa upole. Yakuti ni oksidi ya alumini. Chembe za chuma na titani huifanya iwe ya buluu, na ikipata kromi huwa nyekundu, ikaitwa rubi. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kuyeyusha unga huo katika mwali wa moto na kuudondosha tone kwa tone hadi uwe jiwe. Ugumu ni uleule, ndiyo maana chupa ya baba ilikwaruzika. Ila jiwe la moto hukua kwa mistari iliyopinda, na jiwe la ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka yenye pembe. Alifungua karatasi nyingine akatuonyesha moja la Sri Lanka. Nilipolitazama niliiona mistari myembamba iliyonyooka, ikikutana kwenye kona.

Baba aliuliza bei ya lile la kweli. Mzee akasema kwamba tajiri anayejua mawe huuliza kwanza rangi, kisha huuliza: la wapi? Mawe mawili yenye uzito mmoja na buluu moja yanaweza kutofautiana bei mara nyingi kwa sababu ya jibu la swali hilo. Yanayotafutwa kuliko yote ni ya Kashmir, yenye buluu laini kama mahameli. Yalionekana kama mwaka 1881 baada ya maporomoko ya ardhi, juu ya mita 4,000 milimani, na machimbo yale mazuri yalikauka ndani ya miaka michache. Baada yake yanakuja ya Mogok, Burma, na ya Sri Lanka. Tajiri hulipia jiwe pamoja na mlima wake.

Tangu hapo nimefuatilia habari za yakuti kama wengine wanavyofuatilia mpira. Najua kwamba ile pete maarufu kuliko zote, aliyovishwa Diana wa Uingereza mwaka 1981, ina yakuti ya Sri Lanka ya karati 12. Hiyo ni gramu 2.4, chini ya robo ya tola moja ya baba. Najua pia kwamba mwanawe William alimposa Catherine kwa pete hiyohiyo nchini Kenya, upande wa Mlima Kenya, Oktoba 2010. Nimesoma kuhusu maabara za Uswisi zinazotoa cheti cha kusema jiwe limetoka nchi gani na kama limepashwa moto kubadilishwa rangi. Najua Afrika Mashariki ina yakuti zake: bonde la Umba na Tunduru huko Tanzania, Garba Tula huko Kenya, na Cyangugu huko Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi kutoka Bukavu. Yule mteja alitudanganya kuhusu jiwe, lakini huko alikokutaja yakuti zipo.

Dhahabu haina mistari ya ndani. Ukiipasha moto hadi nyuzi 1,064 inayeyuka, na ya Manguredjipa inachanganyika na ya Ituri bila alama kubaki. Wanunuzi wa Kampala waliipenda kwa hilo. Ikishamiminwa kipande kimoja ilipata hati mpya na nchi mpya. Uganda ikawa inauza nje dhahabu nyingi kuliko ile iliyochimbwa katika ardhi yake, na sisi tuliona ni ushindi wa werevu wetu dhidi ya serikali inayotunyonya.

Ushindi huo ulitugeukia. Vita vya 1996 na 1998 vilipopita kwetu, wenye bunduki walikuta njia imekwisha kutengenezwa, njia ambayo hakuna anayeuliza kitu kimetoka wapi. Dhahabu ya kijana aliyechimba kwa jasho lake na dhahabu iliyonyang'anywa kwa mtutu zilipita ndoo moja na kumiminwa pamoja. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika habari hizo, na Machi 2007 kampuni mbili za dhahabu za Kampala zikawekewa vikwazo. Julai 2010 Marekani ikatunga sheria ya kuzitaka kampuni zake zieleze kama dhahabu na madini mengine matatu zinayoyatumia yametoka Kongo au kwa jirani zake. Miezi miwili baadaye serikali yetu ikasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Ulimwengu ulikuwa umefika na swali la mzee wa Nairobi: ya wapi? Nasi tulikuwa na madaftari yenye safu tupu. Kwa kuwa hatukuweza kuitenga dhahabu safi na ile ya damu, zote zikaitwa za damu. Mchimbaji mwaminifu ndiye aliyelipa.

Sisemi hivi ili kuwahukumu wazee wetu. Walijenga mji ambao serikali haikuujenga. Askofu wetu Kataliko alipoanzisha Chuo Kikuu cha Graben mwaka 1989, kilikuwa tunda la watu waliozoea kujitegemea. Butembo na Beni zilipopewa hadhi ya mji mwaka 2003, tayari zilikuwa miji machoni pa kila mpita njia. Na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kulitesa eneo la Beni, ni ukarimu wa nyumba za Butembo uliowapokea wakimbizi wengi. Baba alifanya alichoweza katika nchi iliyomfundisha kuficha.

Lakini majirani zetu wametuonyesha njia nyingine. Jiwe la buluu la Merelani lilipewa jina la nchi yake, tanzanaiti, na jina hilo limekuwa sehemu ya bei yake. Juni 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali yake mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, mbele ya kamera, na kila mtu alijua yametoka kilima gani. Sisi tuna kituo cha taifa cha kupima na kuthibitisha dhahabu, almasi na mawe ya rangi. Tuna sheria inayotambua vyama vya wachimbaji. Tuna vyuo vinavyoweza kumfundisha kijana kutazama ndani ya jiwe kama nilivyofundishwa siku ile dukani. Ninachokosa kuona ni utashi wa kuandika safu ya nne.

Daftari la baba ninalo bado. Mwaka jana nililifungua nikaanza kuijaza safu hiyo kwa kalamu ya risasi, kwa wale ninaowakumbuka: huyu Manguredjipa, yule Mongbwalu, huyu kijito kidogo nyuma ya Lubero. Nimejaza mistari arobaini. Mingine sitaiweza tena, wenyewe wamekufa. Wewe unayenunua leo, wewe unayechimba, wewe binti unayemshikia baba yako kalamu: andika mahali. Andika siku hiyohiyo, kabla dhahabu haijayeyushwa.