Spika Ndogo ya BBC: Kutoka Gari la Matangazo hadi Mezani

Historia ya spika ndogo za kusikilizia muziki mezani, zile zinazokaa kushoto na kulia kwa kompyuta huku msikilizaji akiwa umbali wa mita moja hivi, inarudi nyuma hadi Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970, ambako shirika la utangazaji la BBC lilikuwa na idara yake ya utafiti katika jumba la Kingswood Warren, Surrey. Idara hiyo haikukusudia kuunda chombo cha nyumbani. Wahandisi wake, akiwemo H. D. Harwood, walitaka kujua tabia ya sauti ndani ya studio kabla studio yenyewe haijajengwa, wakaunda vielelezo vya vyumba vilivyopunguzwa mara nane. Na kwa kuwa chumba kimepungua, mawimbi ya sauti nayo yalipaswa kufupishwa kwa kiasi hichohicho, hivyo muziki ukapigwa humo kwa kasi iliyoongezwa mara nane. Kazi hiyo ilidai spika ndogo, na iliyotokana nayo ikatoa sauti bora kuliko umbo lake lilivyoahidi.

Ubora huo ulifika mahali palipokuwa na haja nao. Mafundi wa matangazo ya nje ya studio, waliosimamia sauti za michezo na matamasha wakiwa ndani ya magari yenye nafasi finyu, hawakuwa na mahali pa kuweka spika kubwa za ukaguzi, yaani spika ambazo kazi yake si kumfurahisha msikilizaji bali kumfichulia fundi kasoro za sauti kabla haijarushwa hewani. Hivyo ikazaliwa LS3/5, ambamo herufi LS zinasimamia spika na tarakimu 3 ni ya kundi la matangazo ya nje. Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa idadi ndogo tu, kwani kampuni ya KEF ya Kent, iliyouza vipaza vyake vya ndani, ilivibadilisha, na BBC ikalazimika kusanifu upya. Hapo ndipo ilipopatikana LS3/5A ya katikati ya miaka ya 1970, ambayo viwanda kama Rogers na Chartwell vilipewa leseni ya kuitengeneza na kuiuza.

Kasha lake lina kimo cha sentimita 30, upana wa 19 na kina cha 16. Limeundwa kwa plaiwudi ya mbao ya mbetula yenye unene wa milimita 12, kuta zake zimebandikwa ndani vifaa vizito vya kuzuia mtetemo, nalo limezibwa pande zote. Wufa, yaani kipaza cha sauti nzito na za kati, iliitwa B110 na ilikuwa na koni ya plastiki ya bekstrini; tuita, ya sauti za juu, iliitwa T27, nayo ilizungushiwa ukanda wa kitambaa kinene ili sauti isidunde kwenye kingo za kasha. Kazi kubwa zaidi ilifanywa na krosova, saketi ya koili na kapasita inayogawa muziki kwenye hezi 3,000 hivi, kwani ndani yake wahandisi walisawazisha hata tofauti ndogo za kipaza kimoja na kingine.

Hewa iliyofungiwa katika kasha dogo husukuma koni irudi kama springi, kwa hiyo besi ya chini kabisa haipatikani, na wasanifu waliiinua kidogo sehemu iliyo juu yake ili sikio lidhani kuna zaidi. Gharama nyingine ni nguvu: LS3/5A hutoa takriban desibeli 82.5 tu kwa volti 2.83 kwa umbali wa mita moja, na mahali pa wazi kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Ndiyo maana wapenzi wengi waliozipandisha kwenye stendi ndefu katika sebule pana walikuwa wakizidai kitu ambacho hazikuahidi kamwe; fundi aliyekaa ndani ya gari, uso kwa uso na spika zake, ndiye babu halisi wa msikilizaji wa mezani.

Kutoka kwake zimerithiwa pia taratibu za kuzipanga. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji huunda pembetatu yenye pande sawa, tuita zikielekea kimo cha masikio, kwa kuwa masikio mawili ndiyo yanayoijenga taswira ya mwimbaji aliyesimama katikati. Meza huleta tatizo lake, maana uso wake hurudisha sauti inayofika sikioni ikiwa imechelewa kidogo na kuchafua ile ya moja kwa moja. Kuinua spika, au kuisogeza hadi ukingo wa mbele, hupunguza kasoro hiyo. Ukuta ulio karibu nyuma huongeza besi, jambo ambalo kwa kasha dogo si hasara kila mara.

Kuhusu waya, kanuni ya kwanza ni ncha: nyekundu ya amplifaya iende kwenye nyekundu ya spika, na nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja husukuma wakati nyingine inavuta, besi hujifuta na mwimbaji wa katikati hutawanyika. Unene wa waya nao umezushiwa mengi, hasa na wauzaji. Waya wa shaba wenye milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita 2 una ukinzani wa takriban omu 0.1 kwa kwenda na kurudi, na LS3/5A ya awali ilikuwa na omu 15, kwa hiyo kinachopotea hakifiki asilimia 1. Spika ya omu 4 hupoteza zaidi ya asilimia 2 kwa waya huohuo, na hapo waya mnene una maana.

Mwaka 1987 krosova ilisanifiwa upya kwa sababu B110 zilizotoka kiwandani zilikuwa zimeachana na kipimo cha awali, na toleo hilo likawa la omu 11. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF iliacha kutengeneza vipaza hivyo, nakala kongwe zikapanda bei. Kampuni ya Falcon Acoustics, iliyoanzishwa na Malcolm Jones, mhandisi yuleyule aliyesanifu B110 na T27 akiwa KEF, baadaye ilivifufua vipaza vyote viwili na kuirudisha sokoni LS3/5A ya omu 15.