Mcheza Kwao Hutunzwa

Hata hapa Babati kombe likitolewa hupigwa ule wimbo wa mabingwa wa mwaka 1977. Mwimbaji wake, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964.

Wengi huanzia nyimbo za sifa, wakaziruka santuri za 1973 na 1974. Kumbe katika ile ya kwanza mna “My Fairy King”, ambamo, kwa maelezo ya mwenzake Brian May, ndimo alimopata jina Mercury. Anayeanzia 1977 humkuta Mercury tu. Bulsara amebaki nyuma.

Mcheza kwao hutunzwa. Huyu alichezea ugenini. Basi tumtunze kwa kumsikiliza tangu mwanzo.