Wala shaba

Wala shaba walikuwa mafundi wa Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walioyeyusha shaba na kuifua kuwa misalaba, bangili, nyaya na zana kabla ya migodi ya kisasa kuanza mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi yao inayojulikana zaidi ni msalaba wa Katanga, kipande cha shaba chenye umbo linalokaribia herufi X, ambacho kilitumika kama pesa katika maeneo mengi ya Afrika ya Kati.

Jina

Mafundi hao waliitwa hivyo kwa sababu shaba ndiyo iliyowalisha: waliibadilisha kwa chakula, nguo na mahitaji mengine. Jina hilo lilijulikana Ulaya hasa baada ya Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto kutoka Ubelgiji, kuchapisha maelezo juu ya kazi yao mwaka 1926.

Utengenezaji

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Watu walikusanya malakiti, yaani mawe ya kijani yenye shaba, wakayaponda na kuyachagua. Wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na hewa ilisukumwa ndani kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1085 za Selsiasi, hivyo mivukuto haikutakiwa kusimama mpaka metali itiririke chini.

Shaba hiyo iliyeyushwa tena ili kuondoa uchafu, kisha ikamiminwa katika kalibu. Kazi iliongozwa na fundi mkuu, na iliambatana na matambiko na miiko. Siri zake zilirithishwa ndani ya kundi la mafundi.

Misalaba na mapambo

Ushahidi wa zamani umepatikana Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako wanaakiolojia walianza kuchimba makaburi mwaka 1957. Makaburi ya kale zaidi yana bangili, mikufu na mapambo mengine ya shaba. Katika makaburi ya baadaye kuna misalaba iliyowekwa pamoja na wafu. Kadiri miaka ilivyopita misalaba ilikuwa midogo zaidi na yenye ukubwa unaofanana. Wataalamu wanaona badiliko hilo kuwa dalili kwamba kitu cha heshima kiligeuka kuwa pesa ya kawaida.

Wayeke

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Wasumbwa kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo walifika Katanga wakitafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, alianzisha dola la Wayeke lenye mji mkuu Bunkeya. Mafundi Wayeke walisifiwa kwa udodi, yaani uzi mwembamba wa shaba uliotumika kutengeneza bangili. Walitengeneza pia risasi za bunduki kwa shaba.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Dola Huru la Kongo, lililokuwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Mwisho wa kazi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Machimbo mengi yaliyochukuliwa na kampuni yalikuwa yameshachimbwa na wenyeji kwa karne nyingi, na mashimo yao ya zamani yaliwaonyesha wageni mahali penye madini. Matanuri ya udongo yalizimika, na watu wa eneo hilo wakawa vibarua wa migodini. Upande wa Tanzania shaba ilichimbwa pia karibu na Mpanda katika karne ya 20, pamoja na risasi, fedha na dhahabu, lakini nayo kwa mitambo ya kisasa.

Urithi

Katanga ilipojitangaza nchi huru tarehe 11 Julai 1960, bendera yake ilionyesha misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zake za mwaka 1961 zilikuwa na picha ya msalaba huohuo. Dola hilo lilikwisha Januari 1963. Leo misalaba ya Katanga huhifadhiwa katika makumbusho ya Afrika na Ulaya.