Nyumba ya Kesho, Turubai la Leo: Kuisoma Upya Kesi ya Grootboom

Mimi husoma hukumu za mahakama kama wengine wanavyosoma riwaya za upelelezi. Marafiki huniona kituko, lakini jamani, mle ndani kuna wahusika, kuna mandhari, kuna mgogoro, na kuna msimulizi anayejitahidi asionyeshe hasira. Ninayoirudia zaidi ni hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya tarehe 4 Oktoba 2000, serikali dhidi ya Irene Grootboom na wenzake. Wanasheria wanaijua kwa vifungu vyake. Mimi naomba tuisome kwa nyakati za vitenzi.

Mandhari kwanza. Wallacedene ni mtaa ulioko pembezoni mwa Cape Town, upande wa mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 robo ya kaya zake hazikuwa na kipato chochote, na nusu ya wakazi walikuwa watoto. Maji hakuna, mifereji ya majitaka hakuna, takataka hazizolewi, na katika kila mabanda mia ni matano tu yaliyokuwa na umeme. Sehemu ya ardhi yenyewe ilituama maji. Irene Grootboom alikaa humo pamoja na familia yake na familia ya dada yake katika banda moja la takriban mita ishirini za mraba. Hebu pima kwa hatua zako hapo sebuleni ulipo.

Haya hayakushuka kutoka mbinguni. Serikali ya kibaguzi ilikuwa imeamua kwamba kazi za Cape ya magharibi wapewe kwanza wale iliowaweka kwenye kundi la machotara. Mwafrika akahesabiwa mpita njia tu, pasi mkononi (msomaji wa Kenya na akumbuke kipande shingoni mwa babu yake). Kwa kuwa ni mpita njia, nyumba ya familia ya nini? Ujenzi wa nyumba zao ukasimamishwa kwa miaka mingi. Watu hawakuacha kuja kwa sababu hiyo, maana tumbo halisomi amri za serikali. Walikuja wakajibana. Sheria za pasi zilipofutwa mwaka 1986, upungufu wa nyumba ulikuwa umeshakomaa.

Basi wakazi wa Wallacedene wakafanya kile raia mwema anachoambiwa afanye: waliandikisha majina. Baadhi yao walikuwa kwenye orodha ya nyumba za bei nafuu kwa muda wa hata miaka saba. Mwishoni mwa Septemba 1998 wakachoka kusubiri majini, wakahamia kiwanja kitupu cha jirani kilichokuwa mali ya mtu binafsi. Na hapa hadithi inachekesha kwa uchungu: kiwanja chenyewe kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya kujengwa nyumba za bei nafuu. Yaani waliivamia ndoto yao wenyewe kabla haijafika.

Mwenye kiwanja akaenda mahakamani, akapata amri. Mwisho wa yote hakimu akaweka tarehe: wawe wameondoka kufikia 19 Mei 1999.

Tingatinga lilikuja tarehe 18.

Siku moja kabla. Mabanda yalibomolewa, yakachomwa, na vyombo vilivyokuwemo vikaharibiwa, kwa gharama ya manispaa ya Oostenberg. Waliokuwa wametoka siku hiyo hawakuokoa hata sufuria. Majaji baadaye waliandika kwamba jambo lile liliwakumbusha ubomoaji wa enzi za ubaguzi, na ukijua jinsi majaji wanavyochunga maneno, hayo ni matusi makubwa. Ilikuwa miaka mitano tangu Mandela aape.

Wangeweza kutawanyika. Manispaa nyingi duniani zinategemea hilo: ukishavunja, kila mtu anakwenda kwa shangazi, kwa rafiki, chini ya daraja, na baada ya wiki mbili hakuna tena "wao" wa kujadiliana nao. Wallacedene hakukuwa na pa kurudi, kwa kuwa nafasi zao za zamani zilikwisha kujazwa na wengine. Wakaenda kwenye uwanja wa michezo, wakasimamisha vijiti, wakatandaza plastiki juu. Watu wazima 390 na watoto 510, mahali peupe ambapo kila mpita njia anawaona. Huko Cape mvua hunyesha wakati wa baridi, na wiki haikwisha kabla haijaanza kunyesha. Plastiki ile haikuzuia kitu.

Kwangu mimi, kubaki pale pamoja ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Kesi ilikuja baadaye.

Wakili wao aliiandikia manispaa barua akiuliza watu hawa walale wapi. Manispaa ikajibu kwamba imetoa chakula na ukumbi wa jamii, na kwamba inaiandikia serikali ya jimbo. Hapo ndipo nilipoanza kuona suala la nyakati. Kiswahili chetu kina bahati, viambishi viwili tu vinabeba ugomvi mzima. Serikali ilizungumza kwa -ta-: tutajenga, tutapima viwanja, tutawafikia. Uwanjani walizungumza kwa -na-: inanyesha, tunalala, mtoto anakohoa. Na tusiwaonee wenye -ta-, hawakuwa waongo. Tangu 1994 nchi ilikuwa imejenga zaidi ya nyumba 360,000, na mahakama ilikiri kwamba hiyo ni kazi ya kusifiwa. Tatizo ni kwamba mpango wote, wa watu wasomi na wenye nia njema, haukuwa na sentensi hata moja katika wakati uliopo.

Desemba 1999 Mahakama Kuu ya Cape iliwapa watoto haki ya mahali pa kujikinga, na wazazi wao wakaingia kwa mgongo wa watoto. Kiwango cha chini kabisa, ikasema, ni mahema, vyoo vya kuhamishika, na maji ya mara kwa mara, hata kama ni ya kuletwa na gari. Tulia hapo kidogo. Nchi tajiri kuliko nyingi za bara hili inaamriwa itoe mahema, na inakata rufaa. Naelewa hesabu yao, kwa kuwa hema la Wallacedene lingedaiwa kesho yake na kila mtaa wa mabanda nchini. Lakini bado nikifika kwenye ukurasa huo hufunga kompyuta nikaenda kuchemsha chai.

Jaji Zak Yacoob, asiyeona tangu utotoni na aliyepigania uhuru kabla ya kuvaa joho, ndiye aliyeandika hukumu ya rufaa. Njia ya watoto aliifunga. Ukisema mwenye mtoto apate paa na bibi kizee asiye na mtoto akose, umefanya nini? Na mtoto hapaswi kugeuzwa ngazi ya mzazi kupandia nyumba. Alikataa pia kubariki uvamizi wa ardhi kama njia ya kuruka foleni. Ukisoma mpaka hapo unadhani watu wa uwanjani wamekwisha.

Ndipo anapogeuka. Katiba, kifungu cha 26, inaipa serikali nafasi ya kwenda hatua kwa hatua na kwa kadiri ya rasilimali ilizo nazo. Sawa. Ila mpango unaowasahau wale wasio na ardhi, wasio na paa, walio katika hali ya kukata tamaa, si mpango wa busara hata ukijenga nyumba nyingi namna gani. Lazima uwe na kitu kwa ajili ya leo usiku. (Maneno "leo usiku" ni yangu. Yeye ana lugha ya joho.)

Hukumu ile ilizungukwa na kejeli ambayo mwandishi wa tamthilia angeambiwa amezidisha chumvi. Mwezi Mei 2000, rufaa ilipokuwa ikisikilizwa, serikali iliahidi kuwapa watu wa uwanjani msaada wa muda. Wakapokea. Septemba wakalazimika kurudi mahakamani, kwa sababu ahadi haikuwa imetimizwa. Hata msaada wa dharura uliingia kwenye -ta-.

Kufikia 2004 Afrika Kusini ilikuwa na mpango wa kitaifa wa makazi ya dharura, na huo ni mtoto wa uwanja ule wa michezo. Wapo wanaosema kesi ilishindwa, eti iliacha sheria nzuri na watu walewale. Nusu nakubali. Irene Grootboom alifariki Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, palepale Wallacedene, bandani. Jina lake lilikuwa likifundishwa katika vyuo vya sheria vya mabara yote. Nusu ya pili sikubali, kwa sababu ya Nairobi.

Wapenzi wa riwaya mtamkumbuka Meja Mwangi na *Going Down River Road* ya 1976: kanjo wanachoma vibanda kando ya mto, na wenyewe wanavijenga tena. Katika dunia ya riwaya ile hakuna anayefikiria kumwona wakili, na kwa Kenya ya wakati ule hilo ni ukweli mtupu. Katiba ya 2010 ilibadilisha jambo hilo. Kifungu cha 43 kinataja makazi yanayofaa, na kifungu cha 20 kinaibebesha serikali mzigo wa kuthibitisha kwamba haina rasilimali. Ukikisoma kifungu hicho, unasikia Wallacedene.

Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu. Walipewa ilani ya kuhama, wakakimbilia mahakamani, wakapata amri ya kuzuia ubomoaji. Tarehe 19 Novemba 2011 kijiji kikabomolewa hivyo hivyo, amri ikiwa mkononi. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi akawapa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikautengua. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba asiye na ardhi aliyejenga makao kwenye ardhi ya umma hapati hati ya kuimiliki, lakini anapata haki ya makazi inayostahili kulindwa.

Mtoto aliyezaliwa Mitumba wiki ile ya Novemba alikuwa na miaka tisa hukumu iliposomwa. Majaji waliamuru faili lirudishwe Mahakama Kuu, ili huko waamue wakazi watalipwa nini.