Koti la twidi

Koti la twidi ni vazi la nje la kiume linaloshonwa kwa twidi, kitambaa kizito cha sufu chenye asili ya Uskoti na Ireland. Huvaliwa hasa katika majira ya kupukutika kwa majani, yaani takriban Septemba hadi Novemba katika nchi za kaskazini ya dunia. Baadhi ya vitabu huyaita majira hayo vuli, lakini hayana uhusiano na mvua za vuli za Afrika Mashariki, ingawa miezi yake inakaribiana. Mitindo ya kiume ya majira hayo hubadilika kila mwaka katika rangi, urefu na upana wa nguo. Koti la twidi limekuwa likitoka na kurudi tangu karne ya 19.

Jina

Waskoti waliita kitambaa hiki "tweel", yaani kitambaa chenye msuko wa mishazari. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1830 mfanyabiashara mmoja wa London alilisoma vibaya neno hilo katika barua, akadhani linatokana na mto Tweed unaopita kusini mwa Uskoti. Jina la makosa ndilo lililobaki.

Kitambaa

Sufu ya twidi hutiwa rangi kabla ya kusokotwa kuwa uzi. Kwa sababu hiyo uzi mmoja huweza kuwa na nyuzinyuzi za rangi nyingi: kitambaa kinachoonekana cha kahawia kwa mbali, kikisogezwa machoni huonyesha chembe za njano, kijani, zambarau na hata buluu. Zamani rangi zilipatikana kwa mimea na kuvumwani inayoota juu ya mawe, ambayo hutoa wekundu wa kutu. Baada ya kufumwa, kitambaa kililoweshwa katika mkojo uliokaa siku nyingi, kisha wanawake walikaa kuzunguka ubao na kukipigapiga kwa pamoja huku wakiimba, ili nyuzi zishikane na upepo usipenye. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine kwa sabuni na maji.

Michoro inayojulikana zaidi ni ya mifupa ya samaki, miraba mikubwa, na vipande vidogo vyenye ncha. Twidi ya Donegal, Ireland, hutambulika kwa vifundo vidogo vya rangi vilivyotawanyika juu ya kitambaa.

Historia

Twidi ilianza kama nguo ya wakulima na wavuvi. Wenye mashamba makubwa ya Uskoti waliichukua katika karne ya 19 kwa ajili ya uwindaji, kila shamba likiwa na mchoro wake uliofanana na mandhari ya mahali hapo ili wawindaji wasionekane na paa. Wa Balmoral, ulioundwa na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, una rangi ya kijivu inayofanana na mawe ya milima ya huko.

Katika kisiwa cha Harris, biashara ilianza wakati wa shida. Mwaka 1846 ugonjwa wa viazi ulileta njaa katika nyanda za juu na visiwa vya Uskoti. Ni katika miaka hiyo Catherine Murray, Bibi wa Dunmore, mjane wa mwenye kisiwa, alipowaagiza wafumaji wa Harris watengeneze kitambaa kwa ajili ya wafanyakazi wake, kisha akakitafutia wanunuzi miongoni mwa matajiri aliofahamiana nao. Kilichokuwa nguo ya nyumbani kikawa njia ya kupata fedha taslimu kwa familia zisizo na ardhi ya kutosha.

Kutoka kwa wawindaji, koti hili lilipita kwa wapanda baiskeli, wacheza gofu, walimu wa vyuo vikuu na baadaye wafanyakazi wa ofisi. Viraka vya ngozi vya viwikoni, ambavyo leo hushonwa kama pambo, vilikuwa njia ya kuokoa koti lililochakaa.

Harris Tweed na sheria

Sifa njema huvuta waigaji. Viwanda vya bara vilianza kuuza twidi yao kwa jina la Harris, na mwaka 1909 kikaundwa chama cha kulinda jina hilo. Alama yake ni tufe lenye msalaba juu yake. Mwaka 1934 masharti yalilegezwa kuruhusu uzi uliosokotwa viwandani, mradi viwanda viwe visiwani. Baadaye baadhi ya wazalishaji walitaka kutumia uzi kutoka bara, wakashindwa mahakamani mwaka 1964.

Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Harris Tweed mwaka 1993. Kwa mujibu wake, kitambaa kinaweza kuitwa hivyo tu ikiwa ni cha sufu safi ambayo haijawahi kutumika, iliyotiwa rangi na kusokotwa katika visiwa vya Outer Hebrides, ikafumwa kwa mkono na wakazi wa visiwa hivyo majumbani mwao, na kukamilishwa huko huko. "Kwa mkono" hapa kuna maana ya mtambo usioendeshwa kwa umeme wala injini. Mfumaji huuendesha kwa miguu. Mitambo ya zamani aina ya Hattersley hutoa kitambaa cha upana wa sentimita 75, na ile iliyoingia miaka ya 1990 hutoa sentimita 150, upana ambao viwanda vya nguo huuhitaji.

Sheria hulinda jina lakini haileti wanunuzi. Uzalishaji ulifikia kilele mwaka 1966 kwa zaidi ya yadi milioni 7, kisha ukaporomoka kadiri wanaume walivyohamia nguo nyepesi na nyumba zenye joto la mitambo. Pigo jingine lilikuja baada ya mwaka 2006, pale kiwanda kikubwa cha Stornoway kiliponunuliwa na mmiliki mpya aliyepunguza michoro kutoka maelfu hadi 4 na kukitumia kitambaa chake kwa makoti yake mwenyewe. Kwa kuwa wafumaji hutegemea viwanda kwa uzi na oda, wengi walikaa bila kazi. Nafuu ilianza mwaka 2007, kiwanda cha Shawbost katika kisiwa cha Lewis kilipofufuliwa na kuanza tena kuwauzia wabunifu wa nchi mbalimbali. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Nike iliagiza kitambaa hiki kwa ajili ya viatu vya michezo, oda ambayo hakuna mzee wa Harris angeitabiri.

Uvaaji wa kila siku

Jambo la kwanza ni mabega. Mikono ya koti inaweza kufupishwa na kiuno kubanwa na fundi yeyote mzuri, lakini bega likizidi au kupungua, gharama ya kulirekebisha huwa kubwa mno. Koti lijaribiwe likiwa limevaliwa juu ya sweta, kwa kuwa ndivyo litakavyotumika, na liweze kufungwa kifungo bila kuvuta.

Twidi ina uso mkavu wenye nywele, hivyo hukaa vizuri na vitambaa vya aina yake: suruali ya kodrai au flaneli, sweta la sufu, tai ya kufumwa. Jinzi ya buluu iliyokolea pia inafaa. Shati la hariri linalong'aa au suruali nyembamba ya suti ya ofisini huonekana kama vimeazimwa kwa mtu mwingine. Ikiwa koti lina miraba mikubwa, vingine viwe vya rangi moja. Njia rahisi ya kuchagua sweta au soksi ni kulitazama koti kwa karibu, kuchukua moja ya zile chembe za rangi zilizojificha ndani ya uzi na kuirudia. Viatu viwe vya kahawia. Vyeusi vinakubalika kwa twidi ya kijivu tu.

Kununua koti zima na suruali yake ya twidi kwa matumizi ya kila siku si lazima, na mara nyingi humfanya mvaaji aonekane yuko njiani kwenda kuwinda.

Utunzaji

Koti halifuliwi kwa mashine wala maji ya moto, kwani sufu husinyaa na hairudi. Baada ya kuvaliwa hupigwa brashi, hutundikwa kwenye henga pana na kupumzishwa angalau siku moja. Likilowa, likaushwe mbali na moto. Adui yake mkubwa ni nondo, ambao viluwiluwi vyao hula sufu, hasa penye jasho na mabaki ya chakula. Kwa hiyo husafishwa kabla ya kuhifadhiwa, si baada ya kutolewa.

Afrika Mashariki

Makoti ya twidi hufika kanda hii hasa kupitia mitumba. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hayana kazi, lakini Njombe, Makete au Limuru, ambako baridi huwa kali kati ya Juni na Agosti, huvaliwa kwa sababu ile ile iliyoyazaa. Desturi ya kuvaa koti juu ya kanzu, inayojulikana pwani na Uganda, kwa kawaida hutumia vitambaa vyepesi zaidi.

Mnunuzi wa mitumba akitaka kujua kama koti ni la Harris Tweed halisi, atafute ndani yake kibandiko cha kitambaa chenye tufe na msalaba. Chapa hiyo hiyo hupigwa pia upande wa nyuma wa kitambaa chenyewe, ila mara nyingi imefunikwa na bitana.