Pilipili kali yenye jina la Uchina

Mwaka 2026 ni wa 250 tangu spishi ya pilipili kali kuliko zote duniani ipewe jina la kisayansi, na jina lenyewe ni la makosa. Mwaka 1776 Nikolaus Joseph von Jacquin, bingwa wa mimea wa Vienna, aliiita Capsicum chinense, yaani pilipili ya Uchina, akiamini ndiko ilikotoka. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Ajabu ni kwamba miaka ya 1750 Jacquin mwenyewe alikusanya mimea katika visiwa vya Karibiani, ambako pilipili hiyo ililimwa tangu zamani. Lakini kanuni za kuipa mimea majina hulinda jina lililotangulia, hata likipotosha.

Spishi hiyo tunayo hapa Afrika Mashariki. Pilipili mbuzi ya sokoni ni ya ukoo huo. Igeuze utazame kikonyo: pale kinaposhikana na tunda pana mkunjo wa duara, kama pete. Pilipili kichaa haina pete hiyo, nayo ni Capsicum frutescens, jina alilolitoa Linnaeus, bingwa wa mimea wa Sweden, mwaka 1753.

Ukali ulianza kupimwa mwaka 1912, mfamasia wa Marekani Wilbur Scoville alipozimua pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi mwasho. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine.

Mvutano mkubwa ulizuka kaskazini mashariki mwa India. Mwaka 2000 watafiti wa maabara ya jeshi mjini Tezpur, Assam, walitangaza pilipili ya vipimo 855,000 vya Scoville na kuiweka kwenye frutescens. Wengi hawakuamini. Iliyoshika rekodi wakati huo, Red Savina ya Marekani, ilikuwa na 577,000.

Mwaka 2001 mbegu za pilipili hiyo ya India zilimfikia mtafiti Paul Bosland wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, Marekani. Mmea ulizaa kwa shida, hata ikachukua miaka kupata mbegu za kutosha jaribio la shambani. Matokeo yakawa 1,001,304. Red Savina, iliyopandwa katika jaribio lilelile, ilipata 248,556 tu. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa ile ya India ni chinense iliyochanganyika kidogo na frutescens, chotara ambaye huenda alitokea mwenyewe. Watunza rekodi za dunia wa Guinness wakaisajili kwa jina la Bhut Jolokia. Lakini katika majimbo jirani, Nagaland wanaiita Naga mircha, Manipur u-morok, na mwaka 2008 Nagaland ikapata hati ya kulinda jina lake. Ilikuwa haki yao: wakulima wa huko ndio walioichagua na kuitunza mbegu kabla ya maabara yoyote kuijua.

Baada ya hapo mambo yakawa mbio za rekodi. Mkulima Ed Currie wa South Carolina, Marekani, alipandisha Naga ya Pakistan na habanero ya St. Vincent akapata HP22B, namba ya chungu na mche, ambayo mwaka 2013 ilitwaa rekodi kwa jina la kibiashara la Carolina Reaper. Mwaka 2023 akaleta Pepper X, vipimo 2,693,000.

Kwetu, pilipili mbuzi za maumbo na rangi tofauti bado zinauzwa kwa jina moja tu. Taasisi za utafiti wa kilimo kama TARI ya Tanzania na KALRO ya Kenya zizikusanye, zizipime na kuzisajili kwa majina ya wakulima wenyewe, kabla mtu wa mbali hajazipa jina lake.